Hewa Ndani ya Mazuti

Katika Kasongo yote mimi peke yangu nilikuwa na diploma ya injini za mazuti, yaani dizeli, na sioni sababu ya kuficha jambo hilo. Niliipata Lubumbashi, miaka minne ya kuosha vyuma vya watu mchana na kusoma jioni, bila mjomba wa kunishika mkono. Niliporudi niliitundika ndani ya gereji yangu, mahali ambapo hata mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa angeiona.

Kwa hiyo asubuhi ile, gari la chanjo lilipokataa kuondoka, hawakumwita mtu mwingine.

Nililikuta katikati ya uwanja wa kituo cha afya, mahali tambarare. Nyuma kulikuwa na kisanduku cha baridi kilichofungwa kwa kamba, na juu yake muuguzi ameweka mkono kama mtu anayezuia mlango. Alikuwa mama wa makamo, si mtu wa maneno mengi.

"Ndani iko chanjo ya surua," aliniambia. "Frigo yetu imekufa. Barafu hii ndiyo ya mwisho, itatufikisha Kabambare leo, kesho hapana. Wamama wamekwisha kutoka vijijini. Mara iliyopita walirudi bure, na surua ikapita nyuma yao."

Dereva, mzee mwenye kofia nyeupe ya msikitini, aligeuza ufunguo nisikie. Injini ilishika kwa mguu mmoja, ikatetemeka hadi vioo vikalia, ikatoa moshi mweupe, ikazima.

"Inakohoa asubuhi tu, mwanangu," alisema. "Na nikiilaza pa mteremko, pua chini, haikohoi hata kidogo."

"Baba, mteremko si ugonjwa wa injini," nikamjibu. Watu waliosimama pale walicheka, nami nilifurahi walipocheka.

Moshi mweupe, baridi ya asubuhi: nilikuwa na hakika ni buji, zile plagi za kupasha injini moto. Nilizifungua moja moja, nikazipima kwa waya na taa ndogo. Zote nzima. Nikazirudisha, jasho likiniingia machoni. Muuguzi alikuwa akitazama jua lilivyosogea kwenye bati la jikoni.

"Tusukume," dereva alisema mwishowe. "Vijana wako hapa. Ikishika, siizimi mupaka Kabambare."

Wanaume wanne walikuwa wameshainama nyuma ya gari. Nilichomoa ufunguo nikautia mfukoni.

"Injinia, unatuchezea?" dereva akafoka. "Barafu haisomi diplome!"

"Ikizima katikati ya msitu, baba, mtasukumaje kwenye tope?"

Muuguzi alinitazama. "Nakupa muda wa kuchemsha chai," alisema. "Kisha unatoa ufunguo."

Niliegemea bodi ya gari nikajilazimisha kufikiri kama nilivyofundishwa, na kilichonijia ni maneno ya yule mzee niliyemfanya achekwe na watu. Pua chini, haikohoi. Tangi liko nyuma. Gari likilala pua chini, mazuti yanabaki mbele. Likilala tambarare, yanarudi tangini usiku kucha, kama kuna mahali hewa inapoingia. Nilibonyeza pampu ya mkono juu ya chujio la mazuti. Badala ya kuwa ngumu kwa mazuti, ilikuwa laini kama nyanya iliyooza.

"Mama, una mpira wa mfuko wa mkojo? Mpya, ule unaoonyesha ndani?"

Alishangaa, lakini alileta. Nilikata kipande, nikakiunga kwenye bomba linaloingia kwenye chujio, nikampa dereva ufunguo azungushe kidogo. Wote tuliona: mazuti yalikuja yamejaa mapovu, mlolongo mzima.

Nikaingia chini ya gari kwa mgongo, topeni. Nilifuata bomba kwa vidole kutoka tangini, na karibu na gurudumu la nyuma nikagusa uvimbe. Ulikuwa ukanda wa mpira wa baiskeli, umezungushwa na kukazwa vizuri sana, kwa ile namna yetu ya kufunga kila kitu, kuanzia mpini wa jembe hadi mguu wa kiti.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi!" dereva alijibu kwa fahari. "Njia ya Salamabila, jiwe lilikata bomba. Angalia, haidondoshi hata tone!"

"Haidondoshi kwa sababu hapa injini inavuta, baba. Haitoi mazuti nje, inaingiza hewa ndani. Na mazuti yamekula mpira wako."

Nilikata sehemu mbovu, nikaunga bomba kwa kipande cha bomba la shaba na vikazio viwili vya chuma, nikaondoa mpira wa muuguzi, nikapampu hadi pampu ikawa ngumu kama jiwe. Dereva akasoma Bismillahi. Injini ilishika mara moja, sauti moja iliyonyooka.

Nilidhani watanipigia makofi. Muuguzi alifungua mlango. "Panda. Ikizima, wewe utabeba kisanduku kichwani."

Nilipanda. Baada ya kijiji cha tatu, mahali tambarare, nilimwambia dereva azime. Muuguzi alinishika bega kwa nguvu.

"Uko na kichaa?"

"Kama ni mbovu, afadhali tujue hapa penye watu."

Dereva alizima. Nilisikia maji ya barafu yakicheza ndani ya kisanduku. Nilimpa ishara. Ikawaka kabla hajamaliza kugeuza ufunguo. Hakuna aliyenisifu. Nilijisifu mwenyewe, kwa sauti, na sikuona haya.

Tulifika Kabambare jua likiwa limeinama. Wamama walijaa kwenye baraza na chini ya upenu, watoto wakilia. Muuguzi alibeba kisanduku mwenyewe, hakutaka nikiguse. Alifungua, akatoa kichupa, akakileta kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kifuniko pana alama ndogo ya mraba inayogeuka nyeusi chanjo ikiharibika kwa joto. Alikitazama. Akatoa cha pili, na cha tatu. Mimi na dereva tulisimama mlangoni tumeshikana mikono, wala sijui nani alianza.

Alama zilikuwa nyeupe.

"Wamama," aliita bila kugeuka, "pangeni mustari. Wadogo mbele."