Bata wa Mama Hawakuugua

Kazi yangu ni kuchokonoa bata. Nambana kwapani, nampitishia kijiti cha pamba kooni, kisha kingine nyuma, naviingiza kwenye vichupa na kuviweka kwenye boksi la barafu, vikapimwe magonjwa maabara. Bata hapendi, nami sipendi, na mwenye bata ndiye hapendi kabisa. Anauliza kama nimeleta dawa. Nikisema sina, ananitazama kama mgeni aliyefika mikono mitupu saa ya chakula.

Mama yangu alifuga bata Kiseke, hapa Mwanza, karibu na kijito kinachoshuka ziwani. Mbegu ya kwanza alivuka nayo kwenye kivuko cha Busisi, enzi ambazo daraja halijajengwa. Alijivunia bata wale kuliko alivyojivunia diploma yangu. Asubuhi walishuka kijitoni kuchanganyika na bata mwitu na yangeyange, jioni walirudi wenyewe wakipiga kelele. Walikuwa wanene, na hatukumwona hata mmoja akiugua.

Jirani yake, rafiki yake tangu mimi nanyonya, alifuga kuku wa kienyeji. Ni mjane, na kuku hao aliowauza sokoni Mabatini ndio waliomweka mjini. Wakaja kufa wote. Watu wakasema ni mdondo. Kwetu kuku akifa ni mdondo, kama vile mzee akifa ni presha. Mama akafanya anachofanya mtu mwenye utu. Kwetu aliyepoteza mifugo haendewi na pole tupu, kwa hiyo alimpelekea mbegu, bata jike na dume. Jirani akashukuru, akatafuta vifaranga vya kuku, akaanza upya. Kuku hao walipokua wakafa, vichwa vimevimba. Mama akampelekea bata wengine. Kuku waliofuata nao wakafa.

Ofisi ya mifugo ilipotutuma kupima ndege wa bonde la kijito kile, nilichukua sampuli kwa bata wa mama, kwa kuku wa jirani waliokuwa wanamalizikia kufa, na kwa ndege wa kijitoni. Zikasafirishwa mbali kusomwa vinasaba, tukasubiri mpaka tukachoka kuuliza.

Majibu yakaja: mafua ya ndege. Kirusi chake kikizaliana hujinakili, na katika kunakili hukosea. Ni kama darasani: ukinakili na makosa ya mwenzako, mwalimu anajua umeangalizia kwa nani. Kirusi cha ndege wa kijitoni kilikuwa ndugu wa mbali. Lakini cha bata wa mama na cha kuku wa jirani vilikuwa na makosa yaleyale, cha kuku kikiongeza machache ya kwake: mzazi na mtoto. Kuku wa mwanzo hatutajua, hakuna aliyewapima. Hawa wengine waliuliwa na zawadi. Bata anaweza kukibeba kirusi kile na akanenepa nacho. Kuku hana bahati hiyo.

Bata wa nyumba zote mbili waliuawa, wakafukiwa shimoni na kumwagiwa chokaa. Mama hakulia. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo waliomuulia mwenzangu kuku ni hawa niliokuwa nampelekea mimi?"

Nikasema ndiyo. Nikaanza kueleza habari za ndege mwitu na maji, kwamba hata tukiua bata wa Mwanza nzima, ndege watarudi na kirusi tena. Nilikuwa nasema kweli, na haikumsaidia mtu.

"Hebu nyamaza. Vaa viatu twende nikamwambie."

Nilimsihi asiende. Jirani alijua ni ugonjwa wa ndege, basi. Hakuna aliyemwambia ulipitia wapi. Mama alikuwa ameshajifunga kanga.

Tulimkuta barazani akichagua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akavuta kigoda. Mama hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kisha akaomba msamaha.

Jirani alitupa pembeni harage bovu.

"Nikusamehe nini? Hukujua," alisema. Halafu akaweka ungo chini. "Lakini ungenyamaza tu, mwenzangu. Mimi nilishamwachia Mungu. Sasa kila nikitazama banda lile nitakuwaza wewe."

Mama akasema sawa.

Tukaaga. Tangu nijue kutembea, hatukuwahi kutoka kwake bila kusindikizwa mpaka barabarani, hata siku za mvua. Siku hiyo geti tulijifungulia wenyewe.