Mtoto Asiyelia

Dada yangu ni fundi cherehani, na kama kuna kitu anajivunia kuliko mshono wake, ni ugumu wake. Mwaka ule sindano ilipompenya kidole, aliichomoa kwa koleo, akafunga kitambaa, akamalizia pindo la sketi. Kila mteja anayekuja kupimwa lazima asimuliwe. Akimaliza ya kwake anahamia kwa binti yake: eti huyu naye hajui kulia, tangu anatambaa. Mimi nashona kwenye cherehani ya pili, nimeyasikia hayo mpaka masikio yamechoka.

Binti ana miaka kumi na minne. Mwezi uliopita aliomba mashati yake ya shule yawe ya mikono mirefu, kisa baridi. Baridi gani, na jua lote hili? Dada akashona, mimi nikamkatia kitambaa. Wajinga wawili.

Jumatatu nikamwona anahangaika kufunga kifungo. Nikampandisha mkono wa shati. Mgongo wa kiganja umechunika, umevimba, unatoa usaha. Nikambana mpaka akasema. Darasani wana mchezo wanauita Mia: mwenzako anakusugua kwa kifutio cha penseli, mahali palepale, huku wengine wanahesabu. Ukivuta mkono kabla ya mia, umeshindwa. Yeye hajawahi kushindwa. Aliyasema hayo kwa fahari, nami nilitamani kumzaba kibao.

Kule zahanati, tulikompeleka mimi na dada, muuguzi alisema sumu imeanza kupanda, na lazima ajue imefika wapi ili aamue kumtibu pale au kumkimbiza hospitali kubwa. Akaanza kubonyeza taratibu: kifundo cha mkono, juu yake kidogo, kiwiko. Kila mahali binti anajibu hapaumi, na jasho linamtiririka. Muuguzi akatugeukia, akasema akidanganywa, huyu mtoto anaweza kupoteza mkono.

Dada akapiga magoti mbele ya kile kiti. Sijawahi kumwona akimbembeleza mtu.

"Mama, sema kweli. Panauma wapi?"

Binti akamwinamia, akanong'ona. "Nikisema, utawaambia wateja?"

Nilidhani dada atamwambia kulia si aibu. Nilitaka nimwambie mimi.

"Sitamwambia mtu," akasema.

"Basi panauma mpaka kwapani," binti akasema. "Tangu Ijumaa."