Neno la Herufi Nne

Nilikuwa nikiwasomesha Wazungu Kiswahili, na sioni haya kusema kwamba wengi wao walikuwa vichwa vigumu. Kazi hiyo ilitulisha mimi na mke wangu miaka kumi na moja, na ilitupa kitu nilichokipenda kuliko mshahara: vichekesho. Kila jioni tukishakula nilimhadithia yaliyosemwa darasani, naye alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Alipofariki niliendelea kuyaokota maneno ya watu kwa mazoea tu, halafu nikifika nyumbani sina wa kumpa.

Siku moja mwanafunzi wangu wa asubuhi, karani wa Kiingereza, alinipa mkebe wa biskuti. Juu yake alibandika karatasi yenye neno moja, gift. Kwao ni zawadi. Wa pili, Mjerumani mfanyabiashara wa pembe, nilimkaribisha biskuti; aliisoma ile karatasi, akaurudisha mkono uliokwisha kufika nusu ya njia. Kwao ni sumu. Alasiri akaja fundi wa meli, mtu wa Denmark, nami nikamwuliza kwa utundu. Akasema kwao neno hilohilo ni mtu aliyekwisha kuoa, na hilohilo tena ni sumu, na kwamba mkewe hapendi kukumbushwa.

Nilicheka peke yangu njia nzima kutoka Shangani. Nilipanda ngazi mbilimbili, nikausukuma mlango, nikaukuta mkeka vilevile nilivyouacha asubuhi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba amekufa. Nilijichukia.

Niseme kweli, si kwamba nyumba haikuwa na mtu. Chini alikaa bibi mmoja mjane, jirani yetu wa siku zote. Baada ya matanga alikuwa akinipikia. Huiweka sahani kwenye ngazi, imefunikwa kawa, akaita "Mwalimu," nami nikajibu "Naam," basi. Sasa, kwetu ni aibu kumrudishia jirani sahani tupu. Mke wangu alikuwa akitia chochote alichokipika kwa mkono wake, hata visheti viwili. Mimi hata chai huniungulia. Nikaiosha ile ya kwanza, nikaiweka, nikingoja nipate cha kutia. Ningeweza kununua haluwa, lakini kiburi kilinizuia, isije ikaonekana nyumba yangu inapikiwa na soko. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, na kila moja ilinizidishia haya. Baada ya hapo hazikuja tena. Tukipishana mlangoni nilimwamkia, akaitikia, akapita zake. Ilikwenda hivyo miezi minne.

Jioni ile sikuweza kukaa na ule mkeka. Nilizijaza biskuti sahani zote tatu, nikashuka, nikapiga hodi. Alikuja akasimama nyuma ya pazia, kama ilivyo adabu. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza kujieleza, mimi mwalimu wa lugha, na maneno yakanigongana mdomoni. Akanikatiza.

"Nlidhani chakula changu kimekushinda," alisema. "Nkaona nsikuudhi."

Nilimweleza yote, kwamba kila siku nilikuwa nikingoja nipate cha kumrudishia. Kisha akaniuliza wanafunzi wangu leo wamesema nini. Nilishangaa, maana sikuwahi kumtajia habari za wanafunzi hata siku moja.

"Dirisha lako liko juu ya ua wangu, Mwalimu. Miaka yote nlikuwa nakusikieni, wewe unahadithia na yeye anacheka. Nlikuwa nkiacha kutwanga nipate kusikia. Sasa natwanga tu, hakuna cha kunisimamisha."

Nilikuwa nimejiona ni mimi peke yangu niliyefiwa katika nyumba ile. Nikakaa kwenye kizingiti, sahani nimezipakata, nikaanza na yule karani. Nilipofika kwenye mkono wa Mjerumani nililia, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya pazia la watu. Hakunibembeleza wala hakuniambia ninyamaze. Alingoja mpaka nikapenga kamasi.

"Enhe," alisema. "Mjerumani akafanyaje?"