Nilimdanganya shangazi kuwa mimi ndiye directeur, video hiyohiyo ikaokoa bima ya mafuriko ya shule yetu

Wakuu, salaam kwenu wa Bongo, wa Kongo na tulio huku ughaibuni.

Kisa hiki ni changu, sijakiongeza chumvi. Anayeona natunga apite kushoto, sitagombana naye. Mimi ni mtu wa Uvira niliyekulia kambini Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu mtakivumilia.

Naishi Louisville. Ni custodian kwenye shule ya msingi ya serikali, yaani nadeki, natoa takataka, nahudumia boila la kupasha joto. Kazi halali, inalisha watoto.

Tatizo langu ni kupenda sifa.

Shangazi yangu aliyenilea anakaa Buffalo, kule Riverside. Nilipopata kazi nikamwambia, "Shangazi, nimepata kazi shuleni." Akapiga kelele, "Mungu mkubwa! Directeur?" Kwetu directeur ndiye mkuu wa shule. Bon, nikanyamaza. Jumapili kanisa lao zima likamshukuru Mungu kwa directeur wa Louisville!

Uongo ukishazaliwa lazima uulishe. Siku moja nikashuka basement na simu, nikamrushia video. Boila linanguruma, mafriza mawili ya jikoni yanafanya kazi, na mimi nabwabwaja: "Shangazi, unaona? Directeur wa hapa ni mimi. Hii mashine inanisikia mimi tu!"

Wiki mbili baadaye mto ulio karibu na shule ukafurika.

Maji yalijaa basement yote. Simu yangu ilizama nikikimbia kuzima umeme. Mafaili ya matengenezo yalikuwa hukohuko chini, yakawa uji.

Sasa hapa wengi hawajui. Shule yetu iliwahi kufurika zamani, serikali kuu ikasaidia kuitengeneza. Ukishapokea msaada ule, unatakiwa uwe na bima ya mafuriko siku zote, ya jengo na ya vilivyomo. Ukizembea, mafuriko yakirudi utajijua. Na hata ukiwa nayo, serikali inasubiri bima itoe fungu lake kwanza ndipo ijazie.

Wilaya yetu ya elimu bima ilikuwa nayo. Kimbembe kikawa mkaguzi wa bima. Akasema hana ushahidi kwamba boila na friza vilikuwa vizima kabla ya maji. Kama vilishakufa, hawalipi.

Wilaya nayo ikasema bila fidia shule haifunguliwi tena, watoto watagawanywa shule za mbali. Wanangu wawili wanasoma hapo. Mdogo akaniuliza, "Daddy, are they closing my school?"

Ndipo nikaikumbuka video.

Nikampigia mdogo wangu wa Columbus, anakaa Clintonville, maana naye nilimtumia. "Kaka, storage ilijaa, nilifuta." Akabaki shangazi, mtu ambaye hajawahi kufuta hata picha za maua za kutakiana asubuhi njema.

Nikamweleza mkuu wa shule, mama mmoja mpole sana, naye akampigia mkaguzi. Mkaguzi akataka kuiona kwenye simu iliyoipokea, na tarehe yake. Nikamwomba shangazi aitume simu kwa posta.

"Simu yangu isafiri bila mimi? Donc nakuja mwenyewe. Na hiyo shule yako nitaiona!"

Weee, jasho lilinitoka. Nilipaswa kusema ukweli palepale. Sikusema.

Akapanda basi mpaka Columbus, mdogo wangu akamleta kwa gari. Siku ya kikao akaingia na kitenge kipya, simu ameifunga kwenye leso. Mezani tupo mkaguzi, watu wawili wa wilaya, mkuu wa shule, na mimi na sare yangu ya usafi. Shangazi akaitazama ile sare, akanitazama usoni.

Video ikachezwa. Boila likanguruma chumba kizima, tarehe inaonekana wazi. Mkaguzi akauliza, "Hiyo sauti inasemaje?"

Ningeweza kusema ni salamu tu. Nani angejua? Lakini ukiufichia ushahidi neno moja, mtu akija kugundua hataamini hata hilo boila. Nikatafsiri neno kwa neno. "Ni sauti yangu. Nasema mimi ndiye mkuu wa shule hii. Nilimdanganya shangazi yangu. Mimi ni custodian."

Halafu nikamgeukia shangazi, nikarudia kwa Kiswahili, macho chini.

Akasimama. "Mjinga we! Mimi nilikuombea kazi, nani alikuombea cheo?" Akamnyooshea mkaguzi kidole. "Mwambie huyo, aliyekuwa anaitunza hiyo mashine ni mtoto niliyemlea mimi, na ilikuwa nzima. Tafsiri!"

Nikatafsiri. Mkuu wa shule alicheka mpaka akafuta machozi. Mkaguzi akaitazama tena video, akaandika, akasema, "Vilikuwa vinafanya kazi. Hapo sina ubishi."

Tumeshinda, wakuu! Bima ikalipa, serikali ikajazia. Boila jipya tumeliweka juu, mto ukitaka kulifuata upande ngazi.

Siku ya kufungua, mlango nilifungua mimi. Watoto waliingia wanapiga kelele, wangu wakiwa mbele. Nililia hadharani na sioni haya.

Nilichojifunza: vipige picha vitu vikiwa vizima, na nakala mpe mtu wa mbali. Waulizeni shule za wanenu kama bima ya mafuriko ipo na inafunika nini. Kuuliza si ujinga.

Na nyie mliowaambia watu wa nyumbani kuwa ni mameneja kumbe mnapanga maboksi, uwanja ni wenu. Kirini hapa kabla shangazi hajapanda basi.