Mtoki Wangu na Midomo ya Watu

Mtoki ulinitokea kinenani wiki chache kabla ya harusi yangu, na kwa kuwa kinena ni mahali pa aibu, hakuna aliyetaka kuangalia mahali pengine. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Kwetu Nyanga, msichana akivimba hapo, watu hawakuuliza ameumia wapi. Waliuliza alikuwa na nani.

Nilikuwa nimetolewa funza kwenye kidole kidogo cha mguu, kwa pini ile ile iliyozunguka nyumba nzima. Ngozi ikajifunga, uchafu ukabaki chini yake, nikaanza kuchechemea. Nilimwambia mama kwamba kidole ndicho kilichotangulia kuuma. Yeye akaubonyeza uvimbe wa juu, mgumu kama njugu mawe, kisha akaenda kumwambia baba, ambaye kwa Kihaya tulimwita Tata. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Tangu jioni ile hakunitazama usoni.

Nilipelekwa hospitali mjini Bukoba. Dresa, msaidizi wa daktari, akanipapasa, akauliza, "Binti, umelala na nani?"

"Sijalala na mtu. Tazama kidole changu."

"Sikukuuliza habari za kidole."

Akanichoma sindano ya kaswende. Haikusaidia kitu, ila habari zake zilifika Muleba kwa wakwe kabla sijaacha kuugulia maumivu yake. Shangazi wa mchumba wangu akaja kutuambia kwamba kwao wanasubiri kwanza. "Lisemwalo lipo," alisema, "na kama halipo, laja." Methali hiyo naichukia mpaka leo.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinieleza nikiwa tayari mzee. Ndani ya ngozi kuna chembe za ulinzi. Kijidudu kikiingia kidondani, zinakimeza, zinabeba vipande vyake na kusafiri mpaka kwenye tezi iliyo karibu, na kwa mguu tezi hiyo iko kinenani. Huko zinavionyesha kwa chembe nyingine, nazo zinazaliana kwa wingi ili zipigane. Ndiyo maana tezi inavimba. Nilimsikiliza damu ikinichemka. Tezi yangu ilikuwa kazini, ikinitetea, na watu wakaifanya shahidi wa uzinzi!

Jumamosi moja mama alikuwa akinisugua miguu kwa ajili ya ibada ya kesho yake. Ngozi ya kidole ikapasuka, usaha ukamrukia mkononi. Akawa ananiloweka mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni, mpaka kidonda kikakauka. Mtoki ukanywea wenyewe. Mama alilia sana. Mimi nilikuwa nimechoka hata kulia.

Wakwe walipopata habari wakarudi, safari hii na mchumba mwenyewe. Walipewa buni za kahawa za kutafuna, desturi yetu ya kukaribisha wageni, nami nikapiga magoti kuwasalimu. Shangazi akataka kuona mguu. Akauinua, akakichunguza kidole kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Waitu, ndugu zetu, ni kidole kweli. Harusi iendelee."

Wote wakacheka, mizigo imewatoka vifuani. Mchumba naye alicheka. Alikuwa amefanya kazi Kampala miaka mingi, peke yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza lolote.

"Na wewe," nikamwambia, "nani amekukagua?"

Kicheko kikakatika. Mchumba akatazama mlango. Tata akaniamuru niombe radhi mbele ya wageni, akarudia kwa sauti kubwa ili nisikie vizuri. Nilikuwa nimekaguliwa vya kutosha. Sikuomba, na harusi ikaishia pale pale sebuleni.