Nimekataa Kumfufua Binti wa Kitabuni

Admin, tafadhali ficha jina langu, maana hapa kambini wengi wanafuata ukurasa huu na wataanza kunong'ona kabla hawajamaliza kusoma.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu. Kwetu ni Nyamira, lakini nachuma chai huku Kericho kwa miaka mingi sasa, na watoto wangu wanalelewa na mama yangu. Shule niliachia kidato cha pili. Ninachopenda ni kusoma riwaya za uchawi, za falme ambazo hazipo na watu wanaoita moto kwa jina. Nazisoma kwa Kiingereza kwenye simu, Jumapili nikitoka kanisani, na neno gumu nalitafuta kwenye kamusi. Siombi mtu msamaha. Wengine wanakunywa, mimi nasoma.

Na nina maoni yangu. Riwaya nyingi za siku hizi zinaniudhi. Kijana ananyoosha mkono, mlima unaanguka, na yeye hata njaa hasikii. Mimi nikichuma kutwa, jioni vidole vinashindwa kufunga kifungo. Halafu msichana mwenye nguvu lazima aje kugunduliwa kuwa ni damu ya mfalme, hata kama alilelewa jikoni. Kwa nini mpishi asiwe na nguvu zake mwenyewe? Kitabu nilichokipenda karibuni ni cha wanawake wanaoita mvua, na kila wakiiita, kiungo kimoja cha mwili kinakataa kukunjika. Huyo mwandishi nilimwamini. Uchawi usio na bei ni uvivu wa mwandishi.

Maoni hayo ndiyo yamenikosanisha na mtu ninayempenda.

Shambani mikono inafanya kazi lakini mdomo uko huru. Kwa hivyo nikisoma kitabu huwa nawasimulia wenzangu kwa Kiswahili tukiwa tunachuma. Anayechuma mstari ulio kando ya wangu ni mama wa Kipsigis, umri wa mama yangu mzazi. Nitamwita Mama Chebet. Nilipofika huku sijui mtu, yeye ndiye aliyenifunga kikapu mgongoni na kunipa blanketi. Chebet alikuwa kifungua mimba wake. Aliugua akafariki akiwa bado shuleni, na mpaka leo sote tunamwita mama yake kwa jina hilo.

Mwaka huu nimewasimulia hadithi moja ndefu ya vitabu vitatu. Katika kile cha pili, binti wa mfua chuma anakufa akizuia moto wa mlimani usishuke kijijini. Mama Chebet alilia mpaka nyapara akaja mbio akidhani ameumwa na nyoka. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza, "Na yule msichana?"

Juzi nimemaliza cha tatu. Mama wa yule binti anafungua mlango asubuhi, anamkuta mtoto amesimama pale, nywele zimesukwa vile vile. Mwandishi anasema mapenzi ya mama ndiyo yaliyomrudisha. Basi, hakuna kingine.

Niliitupa simu kitandani. Kesho yake nikawaambia wazi, "Mwisho sisimulii. Mwandishi amemfufua msichana bure."

Wafula, mcheshi wetu, akapaza sauti, "Dada, umetuacha mlimani na moto! Tushuke na nini?"

"Shukeni na miguu," nikamjibu. "Eti mapenzi ya mama! Kama mapenzi ya mama yangetosha, makaburi yote yangekuwa matupu."

Mama Chebet akauliza bila kuinua kichwa, "Kwa hivyo amerudi?"

"Amerudi, lakini..."

"Nisimulie. Alisema nini pale mlangoni? Mama yake alimpikia nini?"

"Mama, ni uongo."

"Hata moto wa kuitwa kwa jina ni uongo, na hukutunyima. Wewe Mkisii, hujui. Kwetu mtoto akizaliwa, tunaita majina ya waliotangulia mpaka apige chafya. Jina alilopigia chafya, huyo ndiye amerudi."

Nikamwambia hilo naliheshimu, kwa sababu anayerudi hivyo anarudi mchanga, hakujui, unaanza tena kumwosha na kumfundisha kutembea. Kuna bei. "Lakini huyu wa kitabu amerudi na nywele zake, na mama yake hakulipa kitu."

Hapo akaniangalia. "Nani alikuambia hakulipa?"

Akachukua kikapu chake akahamia upande wa Wafula. Tangu hapo salamu zangu haziitikii.

Wenzangu wananiita mwenye roho ngumu. Sijali. Hawaoni ninachokiona. Kama mapenzi ndiyo yanayorudisha mtoto, basi mama ambaye mtoto wake hakurudi anaambiwa nini? Kwamba hakupenda vya kutosha. Kitabu kile kimemtukana Mama Chebet, na yeye anataka nilitamke tusi hilo kwa mdomo wangu. Nilimtuma Wafula amweleze hivyo. Akarudi akikuna kichwa: "Anasema hakuomba maoni yako, aliomba hadithi."

Mwisho wa mwezi huu anastaafu, anarudi kwao Silibwet. Kiingereza hasomi, na kati yetu hakuna mwingine aliyekisoma kitabu hicho.

Nishaurini. Nimsimulie jinsi mlango ulivyofunguliwa, nikijua neno hilo linamwambia nini? Au nisimame nilipo, aende Silibwet na msichana yule angali amekufa? Kuhusu kitabu chenyewe msijisumbue, maoni yangu sibadilishi. Na atakayeniandikia kwamba ni hadithi tu, apite. Huyo hajawahi kuchuma chai kando ya Mama Chebet.