Siku Pombe Ilipoandikwa Mvua Sachangwan

Siku mvua ya pombe iliponyesha Sachangwan, hakuna mtu aliyelowa.

Anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Vumbi lilikuwa vumbi. Lakini Serikali iliandika kwamba imenyesha, tena imenyesha vizuri, na Serikali ikishaandika, nani atabisha?

Aliyenisimulia ni Gogo, yaani nyanya yangu, Chelagat. Nilikuwa nimefukuzwa shule kwa muda kwa sababu ambazo si muhimu hapa. (Zilihusu mbuzi na ofisi ya mwalimu mkuu.) Nilitarajia kuchapwa.

Gogo alicheka. Kisha akasema, "Keti. Utundu niliuanza mimi kabla yako. Na mimi nilichezwa."

Basi nanyi ketini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mzungu. Chelagat alikuwa msichana wa shule ya bweni ya misheni, hodari wa Kiingereza, hatari kwa walimu. Aliwahi kutia vyura ndani ya kinanda cha kanisa, na wimbo wa kufungua ibada ukaimbwa kwa sauti ambazo hazikuwa kwenye kitabu.

Nyumbani kwao walikuwa maskwota, wakiishi na kufanya kazi kwenye shamba la Mzungu. Mali ya mamake ilikuwa ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni.

Chelagat alimpa jina Kwini, Malkia kwa Kiingereza, mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vya kutawazwa kwa Malkia.

"Usilitaje hilo jina mbele ya Bwana wa shamba," babake alimwonya. "Utatufukuzisha."

Ng'ombe mwenyewe alilipenda. Ukiita "Kwini!" anaacha hata chumvi, anakuja.

Sasa, mwaka huo jua lilikataa kuondoka. Nyasi ziliisha. Ofisi ya msitu ikawahurumia maskwota, ikawaruhusu waingize ng'ombe msituni. Sharti lilikuwa moja: mvua ikirudi, ng'ombe watoke.

Na nani wa kusema mvua imerudi?

Zamani askari wa msitu alipanda kilimani kila asubuhi kuchungulia kipimo cha mvua. Bwana wa msitu akachoka kulipa miguu ya mtu. Akaleta sanduku la bati lenye mdomo kama faneli. Ndani mlikuwa na vijiko viwili vilivyopokezana kama bembea. Kimoja kikijaa maji kinapinduka, na kikipinduka, waya unapeleka habari hadi ofisini kule bondeni. Kengele inalia: ting!

Bwana anakunywa chai, mvua inajipima yenyewe. Yeye mwenyewe hakukanyaga kilimani.

Aliyetunza waya huo alikuwa kijana mmoja jirani, Kipkoech. Kaptura imepigwa pasi, mluzi mdomoni. Siku moja wakati wa likizo alimfungulia Chelagat sanduku, akamwonyesha vile vijiko.

"Nikimwaga maji hapa?" Chelagat aliuliza.

"Bwana atavaa koti la mvua."

Walicheka mpaka ndege wakaruka mitini. Gogo anasema alimpenda kidogo. Hilo "kidogo" alilitamka kwa namna ambayo sikuliamini.

Shida ilikuwa wazee. Sanduku lilisimamishwa palepale walipokuwa wakiombea mvua tangu babu zao. Na tangu lisimamishwe, hata wingu la kusingizia halikuonekana.

"Lina mdomo wazi mchana na usiku," alisema Mzee arap Tonui. "Mnadhani linasubiri nini? Linameza mvua yetu kabla haijafika chini."

Wakaamua kulivunja.

Chelagat akaona giza. Wakati ule wa Hali ya Hatari, ukigusa kitu cha Serikali, kijiji kizima kinalipa. Akatimua mbio kwa Kipkoech.

Kipkoech aliwaza kidogo, akatabasamu. "Wasilivunje. Walibariki. Wamwage pombe kidogo, waombe, waende zao. Mimi nitaufungua waya kule chini. Hakuna kitakacholia."

"Una hakika?"

"Chelagat! Mimi?"

Akawaendea wazee, akawaapia kwa heshima zote za elimu yake kwamba waya utafunguliwa. Arap Tonui akamtazama, akawageukia wenzake.

"Huyu ni mtoto wetu, na amesoma. Akisema waya umelala, umelala."

Baraka zikafanyika. Mzee wa kwanza alichovya majani kwenye pombe ya wimbi, akanyunyiza kwa adabu. Wa pili akaona huo ni ubahili mbele ya Mungu. Akainua kibuyu, akakimimina chote kwenye ule mdomo.

Vijiko vikacheza ndani: tik, tak, tik, tak.

Chelagat aliuma kanga asicheke. Alijua hakuna kitakacholia.

Kililia.

Kesho yake askari wa msitu walifika na amri. Mvua imerudi, mashine imesema. Ng'ombe wote watoke.

"Mvua gani?" wanawake waliuliza, wakiinua vumbi kwa viganja. "Hii?"

Chelagat alishuka mbio hadi ofisini. Bwana alikuwa mezani, kengele ukutani juu ya kichwa chake. Kipkoech alikuwa amesimama mlangoni. Chelagat akaeleza kwa Kiingereza safi kwamba hakujanyesha. Bwana, ambaye hakupenda Kiingereza kimtoke mtu kama yule, akamjibu kwa Kiswahili chake.

"Mashine hapana jua mjomba. Hapana jua shangazi. Yeye sema mvua, ni mvua."

"Pengine kuna kitu kiliingia ndani, Bwana."

"Kitu gani? Mtu nachezea mashine ya Serikali?" Bwana aliinuka. "Taja mtu. Mimi peleka yeye jela leo."

Chelagat akafumba mdomo. Akisema ukweli, arap Tonui na wenzake wanalala ndani. Akinyamaza, Kwini anakufa njaa.

Akamgeukia Kipkoech. Neno moja tu lilitosha: waya ulikuwa na hitilafu, Bwana.

Kipkoech aliangalia viatu vyake.

"Waya ni mzima, Bwana," alisema.

Nje Kipkoech alimfuata mbio. "Niliufungua, naapa. Labda mwenzangu aliufunga bila kuniambia. Ningekiri pale, tungefungwa sote!"

Chelagat alimwamini. Nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyomponza.

Ng'ombe walitoka msituni wakakuta udongo. Wengine walianguka njiani. Kwini alibaki mbavu, na babake Chelagat akaona afadhali amuuze angali anasimama. Kwenye mnada, dalali mwenye kofia kubwa alimchukua kwa bei ya kuku, bila hata kumkagua meno.

Siku hiyo mamake hakuwasha moto.

Chelagat alirudi shuleni. Muhula mzima hakutia chura popote.

Likizo iliyofuata alikuta nyumbani kumefagiwa. Pombe imepikwa. Wageni wako njiani.

"Wageni gani?" aliuliza.

"Wako," mamake alijibu, bila kumtazama.

Ni watu wa kina Kipkoech. Wamekuja kumposa, na ng'ombe wa mahari wamewaleta kabisa, wamenona, ngozi zinang'aa. Kipkoech mwenyewe alikuwapo, siku ya kazi, amemuaga Bwana kwamba anakwenda kukagua waya.

Chelagat alichungulia mlangoni. Mmoja wa wale ng'ombe alikuwa mwekundu, na baka jeupe usoni.

Hapana, alijiambia. Haiwezekani.

"Kwini?"

Ng'ombe aliinua kichwa. Akatoka kwenye kundi, akapita katikati ya wageni, akaja kusimama mlangoni kwa mamake kama aliyekuwa ametoka kunywa maji tu.

Wazee wakashangilia. Kipkoech akatanua kifua.

"Nilimwokoa," alisema. "Yule dalali nilimtuma mimi."

"Na ulimlisha wapi wakati wa jua?" Chelagat aliuliza.

"Msituni. Wa kwetu hawatolewi, sisi ni watu wa ofisi."

Chelagat akasogea karibu.

"Siku ile ya baraka, uliufungua waya?"

Kipkoech akacheka, kama mtu anayefungua zawadi mbele ya mwenyewe. "Chelagat, kijana wa waya angepata wapi ng'ombe wa kukuoa? Ilibidi wauzwe bei rahisi. Nilifanya kwa ajili yako!"

Msee huyu, Kipkoech, aliua ng'ombe za kijiji kizima ili apate za kumposea binti wa kijiji hichohicho. Kwa ng'ombe wao wenyewe.

Chelagat alingoja babake ainuke. Aliinuka, ni kweli. Akaenda kumpapasa Kwini mgongoni.

"Basi yamepita," alisema. "Ng'ombe amerudi nyumbani."

Chelagat alimwangalia arap Tonui. Mzee akakohoa. "Mambo ya jua ni ya Mungu, binti yangu. Kijana ameonyesha bidii."

Bidii!

Gogo anasema hapo ndipo kitu kilipovunjika ndani yake, na hakikuvunjwa na Kipkoech.

Hakulia. Aliokota kibuyu kilichojaa, akainamisha kichwa kama binti mwenye adabu. Wote wakadhani anakwenda kuwahudumia wageni. Alipitia nyuma ya nyumba, akapanda kilimani, akamimina pombe yote kwenye mdomo wa bati.

Tik, tak, tik, tak.

Safari hii Bwana alikuwa dirishani, na kilima kizima kinawaka jua. Kengele inalia ting ting ting, mawingu hakuna. Kwa mara ya kwanza tangu alete mashine, alipanda kujionea. Alinusa sanduku. Kisha akaifuata harufu hadi kwenye sherehe, akamkuta mkaguzi wake wa waya na povu la pombe mdomoni.

"Wewe iko kwa waya, eh?"

"Bwana, si mimi! Ni msichana! Waulize wazee!"

Wazee wakaangalia viatu vyao. Wasio na viatu wakaangalia vidole.

"Mashine hapana jua mjomba," Bwana alisema. "Hapana jua msichana."

Kipkoech alifutwa kazi palepale. Na kwa kuwa mashine ilikuwa imesema mvua, na yeye si mtu wa ofisi tena, ng'ombe zake zilizobaki msituni zikatolewa kabla ya jioni.

Sasa ungedhani hapo nyanya yangu alishinda. Zii, hakushinda.

Posa ilipovunjika, ng'ombe walirudishwa kwa mwenyewe. Wote.

"Umetupotezea ng'ombe," babake alisema kwa uchungu.

"Baba, nyinyi mlikuwa mnanipoteza mimi."

Alisimama mlangoni akimtazama Kwini akiswagwa kuteremka njia. Kila baada ya hatua chache ng'ombe aligeuza kichwa, akamtazama.

Chelagat alijua akiita tu, atarudi. Hata wamfunge kamba, atarudi.

Hakuita.

Alikwenda kufunga sanduku lake la shule.

Leo nikimwonyesha Gogo simu yangu, nimwambie inasema mvua itanyesha saa kumi, haangalii anga. Ananiangalia mimi.

"Nani amemwaga?" anauliza.

Mashine haina mjomba, ni kweli. Lakini anayeshika waya anao wajomba, na tumbo, na macho ya kutamani ng'ombe wa watu. Kwa hiyo ukisikia kengele, usiulize imelia mara ngapi. Uliza ni nani kamaliza kunywa chai akiisikiliza, na ng'ombe wa nani bado wako msituni.